Sentimita Tatu za Mbao

Mimi ni seremala. Nimetengeneza milango ya nusu ya nyumba za mtaa huu, na majeneza ya watu wengi waliotoka kwenye milango hiyo, na hakuna aliyewahi kurudi kulalamika, hasa hao wa pili. Kwa hiyo halmashauri ilipohitaji mbao za kupimia urefu wa watoto, ilinijia mimi, na sikuona ajabu.

Kulikuwa na mpango wa kupunguza udumavu. Nesi wa kituo cha afya alianza kunieleza kwamba mtoto ni kama nyumba, kuna msingi, kuna kuta. Nikamwambia aache habari za nyumba, nyumba nazijua, anieleze mtoto. Akanieleza vizuri. Mtoto asipolishwa sawasawa miaka yake ya mwanzo anabaki mfupi kuliko umri wake, na huo ufupi ndio unaoonekana kwa macho. Yasiyoonekana ni mengi zaidi, na yako kichwani. Basi wanampima. Akiwa chini ya mstari anaingia kwenye orodha. Aliye kwenye orodha anapata unga wa lishe na maziwa kila wiki mbili, na nesi anamfuata mpaka nyumbani kuangalia anakula nini. Akitimiza miaka mitatu anatolewa hata kama bado mfupi, kwa sababu baada ya hapo, alisema nesi, kuna vitu havirudi tena.

Mbao za zamani zilikuwa za plastiki, zililetwa na wafadhili, zikapasuka kwa jua. Mimi nilipewa moja iliyovunjika iwe sampuli, bila kitako, na mchoro uliotolewa kopi ya kopi mpaka mistari imekuwa kama miguu ya buibui. Nikatengeneza kumi na mbili. Ukiulaza ubao, unapima mtoto mchanga. Ukiusimamisha, unapima anayetembea. Kuna kibao cha kuteleza kinachoshuka mpaka utosini, na kitako kipana cha kukanyagia, cha mbao ngumu, ili mtoto akirukaruka usipinduke. Niliupiga randa mpaka ukawa kama ngozi ya mtoto mwenyewe. Mkurugenzi wa halmashauri alipitisha kiganja juu yake akasema, "Fundi, hii ni samani." Nilivimba kichwa wiki nzima.

Mwaka ule udumavu ukashuka. Haukushuka polepole kama kitu cha kawaida, ulianguka. Watoto arobaini katika mia walikuwa wafupi, na baada ya miezi mitatu tu wakawa kumi na sita. Afisa lishe, kijana mmoja mwembamba anayetembea na karatasi za grafu kwapani, ndiyo maana tunamwita Bwana Grafu, alibandika mstari mwekundu ukutani pale ofisini, unateremka kama mtu aliyeteleza kwenye ngazi. Halmashauri ikapewa kombe. Mkurugenzi akapigwa picha nalo mbele ya jengo, kisha peke yake, kisha na mkewe.

Na watoto waliovuka mstari wakawa wanahitimu. Ndivyo walivyoita, kuhitimu. Mtoto anaitwa jina, anapewa cheti chenye muhuri, watu wanapiga makofi, na kuanzia wiki inayofuata hapati unga.

Mjukuu wangu alikuwa mmoja wao. Ni mtoto wa binti yangu, na mimi namwita Mchumba, kama babu yeyote anavyomtania mjukuu wake wa kike. Mke wangu naye anamwita mke mwenza, na wakigombea kigoda wanagombea kweli. Mchumba aliingia kwenye orodha akiwa na mwaka na nusu, kwa ubao wa plastiki. Alipofika miaka miwili akapimwa kwa ubao wangu, akahitimu. Mimi niliacha shule darasa la tano. Sina cheti cha chochote, hata cha kuzaliwa. Yeye ana miaka miwili, hajui kujifunga kiatu, ana cheti.

"Familia yetu imepata msomi," nilimwambia mke wangu.

"Msomi ndiyo," alisema. "Ila gauni lake la mwaka jana bado linamtosha. Wewe uliwahi kuona wapi?"

Nikamwambia wanawake mnapenda kutafuta mchwa kwenye chuma. Akarudi kwenye kazi yake. Lakini binti yangu hakuliacha. Anafanya kazi kwenye kiwanda cha kushona sare, anatoka alfajiri, na mshahara wake unaijua njia ya dukani kuliko yeye. Alikwenda kituoni mara tatu kuomba mtoto arudishwe kwenye orodha. Mara tatu akaonyeshwa namba. "Dada, mwanao ni mrefu," walimwambia kwa upole. "Wewe mshukuru Mungu, wapishe wenye shida."

Miezi minane ikapita hivyo. Mchumba akafika miaka miwili na miezi minane. Ilibaki miezi minne tu afunge miaka mitatu, na binti yangu alikuwa akiihesabu kama mfungwa, ila yeye hakutaka iishe.

Ndipo wafadhili wakamtuma mtathmini.

Usiku wa kuamkia siku hiyo ilinyesha, na asubuhi Bwana Grafu akanipigia simu anahema. Vibao vya kuteleza kwenye mbao mbili vimekwama, nije haraka na randa, mgeni yuko njiani. Nikaenda na sanduku langu la vifaa. Nilimaliza ndani ya robo saa, nikakaa juu ya sanduku kule nyuma ya ukumbi wa kituo cha afya nisubiri chai, kwa sababu palipo na tathmini pana chai.

Ukumbi ulikuwa umepambwa. Kombe lilikuwa mezani juu ya kitambaa, na ule mstari mwekundu wa ofisini ulikuwa umehamishiwa ukutani. Na mbele kabisa, kwenye mabenchi, walikuwa wamekalishwa wahitimu thelathini na mama zao au bibi zao, kila mtoto amening'inizwa cheti shingoni kwa utepe. Mke wangu alikuwa pale na Mchumba mapajani. Halmashauri iliwaita waje waonekane.

Mtathmini alikuwa mama wa makamo, amevaa raba, miwani yake imefungwa kamba. Mkurugenzi alimkaribisha kwa hotuba. Mtathmini alimsikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo sisi tulishaacha kulifanya, kisha akasema, "Ahsante. Naomba watoto kumi, nitawachagua mwenyewe." Akafungua begi refu, akatoa ubao wake wa bati.

"Mama, mbao tunazo, nzuri sana," alisema Bwana Grafu.

"Nimeziona. Tutatumia zote mbili."

Akaanza na mtoto wa msusi wa pale kona. Kwa ubao wake, themanini na nne. Kwa wetu, themanini na saba. Akaandika. Mtoto wa pili, sabini na tisa kwake, themanini na mbili kwetu. Akamvua mtoto kofia, akapima tena. Vilevile. Wa tatu, tisini, na tisini na tatu.

"Hapa kuna jambo," alisema.

"Mama, labda ubao wako umesafiri sana," alisema mkurugenzi. "Bati likipata baridi njiani hujikunyata."

"Leo kuna joto."

"Ndiyo, lakini jana?"

Bwana Grafu akasogea. "Pia kitaalamu, mama, mtoto akiamka anakuwa mrefu, akisimamasimama anashuka."

"Anashuka sentimita tatu kwa dakika mbili?" aliuliza yule mama. "Basi mkalisheni haraka. Akiendelea kusimama, kufika saa saba atakuwa ameisha."

Kina mama kwenye mabenchi wakacheka. Mimi sikucheka. Namba tatu hiyo niliijua. Niliipiga randa kwa mikono yangu mara kumi na mbili.

Mkurugenzi alikuwa na jicho. Alinitazama kule nyuma, akaniona nilivyokaa, akaja akanishika bega, tukatoka kibarazani kama marafiki.

"Fundi, ubao ule umevimba kwa mvua, si ndiyo?"

"Mkuu, mbao huvimba upana. Haivimbi kwenda juu."

"Huu umevimba kwenda juu."

"Hakuna mbao ya namna hiyo."

"Ipo," alisema taratibu, kama anayemfundisha mtoto kuhesabu. "Ni huu mmoja tu. Utaingia useme huu mmoja umeharibika, tutauweka pembeni, mama atapima kidogo, atakunywa chai, ataondoka. Fundi, mwezi ujao kuna madawati mia mbili ya shule. Tunatafuta mtu mtulivu."

Sitajifanya malaika. Niliyaona yale madawati yamepangwa karakanani kwangu, yananukia gundi. Nikajiambia, ni kweli, si kosa langu peke yangu. Kuna wataalamu na digrii zao, kuna grafu, kuna kombe. Mimi ni fundi tu. Nikarudi ndani nikiwa nimeshaiandaa sentensi mdomoni, kwamba ubao huu mmoja umeharibika.

Nikakuta anayepimwa ni Mchumba.

Kwa bati alikuwa themanini na tatu. Kwa ubao wangu, themanini na sita. Nesi akasoma kwa sauti mstari wa umri wake, themanini na tano. Yaani kwa huyu mama mjukuu wangu alikuwa chini ya mstari, na kwangu mimi, babu yake, alikuwa juu. Mchumba mwenyewe alijipigia makofi. Miezi minane alikuwa amefundishwa kwamba ukishapimwa unapigiwa makofi, na hakuna aliyempigia, akaona ajihudumie.

Mke wangu akageuka akanitazama. Hakujua chochote kuhusu kitako wala madawati. Alinitazama tu, kama anavyonitazama nikiwa nimesahau chumvi sokoni.

"Mama mtathmini," nikasema. Sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyopanga. "Ubao haukuvimba. Nilikosea mimi."

"Fundi!" alisema mkurugenzi.

"Ngoja mkuu, nimeshaanza."

Nikachukua futi yangu, nikainama, nikapima kitako mbele yao. "Sentimita tatu. Sisi maseremala kabati tunalipima kuanzia sakafuni. Meza, kuanzia sakafuni. Kitanda, sakafuni. Mteja anataka kujua kitu kitafika wapi ukutani. Na huu ubao niliubandika futi kuanzia sakafuni. Lakini mtoto hasimami sakafuni, anasimama juu ya kitako. Kwa hiyo namba mnayoisoma ni ya mtoto na mbao yangu. Mtoto mtoe hapo, tatu ni zangu."

Yule mama akavua miwani.

"Ziko ngapi za namna hii?"

"Kumi na mbili."

"Na zote zina kosa hilihili? Au inawezekana nyingine ziko sawa?"

Hapo, nakiri, nilikasirika. "Mama, mimi si mbabaishaji. Nimefanya kazi hii miaka thelathini. Zote ziko sawasawa. Ukikuta moja imepishana na mwenzake hata unywele, nikate mkono."

"Nakuamini," alisema, na akaandika hilo pia.

Mtu angedhani hapo mambo yameisha. Yalikuwa yanaanza. Mkurugenzi alisimama akashukuru kwamba mfumo wa ndani wa halmashauri umefanikiwa kugundua tatizo, maana fundi ni mdau. Akasema itaundwa kamati. Kamati itatangaza zabuni ya mbao mpya. Mbao mpya zikifika, watoto wote watapimwa upya, na orodha itapitiwa.

"Muda gani?" aliuliza mtathmini.

"Zabuni zetu ni za haraka. Miezi sita. Saba."

Mke wangu aliinua vidole vinne kule kwenye benchi, akanionyesha. Nilikuwa nimeshahesabu.

"Nipeni gundi na kisu," nikasema. "Nazibandua futi zote kumi na mbili na kuzipandisha mahali pake kabla chai haijapoa."

"Hizo ni mali ya serikali, fundi. Huruhusiwi kuzigusa."

"Asubuhi nilizigusa kwa randa."

"Asubuhi ulikuwa umeitwa."

Aliyetuokoa ni Bwana Grafu, mtu ambaye nisingempa hata nyundo anishikie. Alikuwa amekaa chini ya ule mstari wake mwekundu, uso umemshuka kuliko mstari wenyewe. Akasema polepole, bila kumtazama bosi wake, "Namba za watoto wote zimo kwenye rejista. Kama zote zimezidi tatu, si tutoe tatu?"

Ilikuwa hesabu ya darasa la pili. Hata mimi nilipita hapo.

"Siruhusu rejista ichafuliwe," alisema mkurugenzi.

"Basi mimi sitasaini," alisema mtathmini, akakunja miwani yake. "Na nisiposaini, mwaka ujao hakuna mpango wenyewe. Chai mnayo, naomba. Nitainywa nikisubiri."

Walitoa tatu mchana ule. Nesi alisoma, Bwana Grafu alitoa, mtathmini alikunywa vikombe vinne. Watoto mia tatu na kumi na mmoja wakarudi kwenye orodha kabla ya saa kumi. Nilidhani unga hautatosha, lakini unga ulikuwepo tele. Wahitimu walipokuwa wengi walaji walipungua, magunia yakabaki stoo yamepangwa mpaka darini, na yaliyo chini yalikuwa yamebakiza wiki chache yaharibike. Tungefanikiwa kidogo zaidi, tungeumwaga.

Niliporudi mtaani nilitarajia walau mtu anipe mkono. Jirani yangu, mama wa mapacha, alikuwa amenisubiri mlangoni, mikono kiunoni.

"Wewe mzee, wanangu wamekukosea nini?"

"Nimefanya nini tena?"

"Walikuwa warefu! Juzi tu warefu, wana vyeti. Leo umefungua mdomo wako, wamekuwa wafupi!"

"Mama, hawakupungua. Walikuwa hivyohivyo."

"Mbona hukunyamaza, basi? Wangapi wanajua kuhusu kitako chako? Ungenyamaza tu wakakua hukohuko kwenye karatasi!"

Kuanzia siku hiyo nikawa na jina jipya, Mfupisha Watoto. Vijana wa kijiweni nikipita wanachutama. Mwanamume mmoja alikataa nisimtengenezee kitanda, anasema atalala amekunja miguu. Nikimlalamikia mke wangu ananijibu bila kuinua kichwa kwenye kazi yake, "Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole, mume wangu."

Ripoti ilitoka. Udumavu ulikuwa haujashuka. Ulikuwa thelathini na tisa katika mia, yaani kwa mwaka mzima wa mabango, semina na kombe tulikuwa tumepunguza mtoto mmoja. Mkurugenzi alihamishiwa halmashauri kubwa zaidi, na kwenye barua yake, walioiona wanasema, imeandikwa kwamba ana uzoefu wa kutathmini. Madawati alipewa fundi mwingine. Nimeyaona, yanayumba. Bwana Grafu alibaki, na siku hizi haendi kwa mtoto bila kuuliza sifuri iko wapi.

Mchumba alipata unga na maziwa kwa miezi minne. Nesi alikuja nyumbani kila baada ya wiki mbili, akafungua masufuria, akatugombeza mimi na mke wangu kwa kumpa mtoto chai ya rangi badala ya maziwa, akatuonyesha jinsi ya kuufanya uji uwe mzito. Mtoto alianza kula kama fundi. Gauni la mwaka juzi likakataa kupita kichwani, na binti yangu akalikata akafanya kitambaa cha kufutia meza, huku akiimba.

Wiki aliyofunga miaka mitatu tulimpeleka kupimwa kwa mara ya mwisho, mimi na mama yake, aliyeomba ruhusa kazini. Alikuwa ameongezeka kuliko watoto wanavyoongezeka kwa miezi minne, nesi mwenyewe alisema. Lakini mstari nao haukai ukamsubiri mtu, unapanda kila mwezi. Alikuwa amebakiza sentimita moja kuufikia. Nesi akapiga mstari juu ya jina lake. Ametolewa kwa umri.

"Kama angekuwa nayo ile miezi minane," alisema binti yangu.

"Angefika," nilisema.

"Nani ataturudishia, baba?"

"Hakuna."

Hakunitukana, na ningeona afadhali anitukane. Alimfunga mwanawe viatu. Mchumba alikuwa bado amesimama wima juu ya ubao, kidevu juu, visigino vimeinuka kidogo, anangoja.

"Babu, mimi mrefu?"

Nesi alifungua mdomo kumjibu, uso mzuri, tabasamu tayari. Nikamtangulia.

"Bado," nikamwambia. "Shuka twende ukale."